Sukuma niliyopewa bure imeanza kuuzwa pauni nane

Jana nimetoka shifti saa mbili usiku, miguu imevimba, nikafungua simu nione kama kuna ujumbe kutoka nyumbani. Kwenye grupu yetu ya Wakenya wa hapa Bristol nikakuta picha, vikopo sita vya plastiki vimepangwa dirishani, kila kimoja na kijiti chenye majani mawili matatu, chini imeandikwa "Sukuma isiyokufa, pauni nane kila moja, posta ni juu yako." Nikaivuta ile picha karibu nikaitambua mara moja. Ni sukuma yangu. Vile vijiti nilivivunja kwa mkono wangu mwezi wa nne, nikavifunga na gazeti lenye maji, nikampa huyo dada bure, tena nikampelekea mpaka steji ya basi kwa sababu alikuwa na mtoto mgonjwa.

Pauni nane jamani. Na hiyo pesa pale soko la Wangige, nyumbani Kenya, si unafungiwa gunia.

Wacha nieleze hii sukuma ni gani, ndio muelewe mbona roho inaniuma. Ukifika huku utaipata supermaketi kwa mfuko wa gramu 200, majani ya kujikunja kama nywele, yamekatwakatwa pamoja na vijiti vyake vyote, unaketi unachambua kijiti kimoja kimoja kama mtu anachambua mchele, na ukishakaanga inarudi kuwa ngumi moja. Sisi tuko watano mezani. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba ugali na sukuma kazini, mwenzangu akachungulia bakuli akasema kwao hiyo hupewa ng'ombe. Hakudanganya, kuna aina wakulima wa huku hupandia mifugo ya kula wakati wa baridi, lakini siku hiyo niliikula nikiwa nimegeukia ukuta.

Ndio nikajiandikisha kwa kansoli, yaani serikali ya mtaa, nipate alotmenti, yaani kale kashamba ka kukodi kwa mwaka. Wewe unayepanga kuja, sikiliza hapa: jiandikishe wiki ile ile unapata anwani, kabla hujanunua hata sufuria, kwa sababu foleni ni ya miaka. Mimi nilingoja karibu mitatu, na nikapewa nusu. Shamba zima kwa kipimo chao cha zamani ni kama mita 250 za mraba. Na usijaribu kuficha mbegu za mamako kwa sanduku, bila cheti cha afya ya mimea zinachukuliwa uwanja wa ndege na wewe unabaki kuandikwa jina.

Jirani yangu pale shambani alikuwa mzee wa Kiingereza, amepita miaka themanini, wale wazee wa upande huu ambao huita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi. Aprili 2021 ananiona nikichimba ule udongo mzito wa mfinyanzi nikitoka jasho, akaniuliza nataka kupanda nini. Nikamwambia "kale", ndivyo wao huita sukuma. Hakujibu, akaenda kwake, akanionyesha kichaka kimefika kiunoni, matawi yameinama pande zote mpaka mengine yamegusa chini na kushika mizizi yenyewe. Hiyo ndiyo aina ya sukuma inayoitwa Daubenton. Kando yake ilisimama nyingine imemzidi kimo yeye mwenyewe, shina limekauka kama mti, inaitwa Taunton Deane, asili yake ni Somerset hapo jirani tu. Akashika tawi dogo la pembeni, akalivuta kuelekea chini, likatoka na kakisigino kake ka ganda la shina, likilia tak. Akatoa majani yote akaacha mawili madogo ya juu. Akatoboa shimo na kijiti, akalizamisha zaidi ya nusu, akakanyaga pembeni na buti mpaka udongo ukabana.

Nilisimama pale machozi yakanilenga, kwa sababu huyo alikuwa shosho wangu kabisa, yaani bibi yangu. Sisi ni watu wa Kinale, pale juu barabara ya kwenda Naivasha, kwenye baridi na ukungu, na sukuma ya kwetu haikununuliwa mbegu. Shosho alivunja machipukizi hivyo hivyo, akayalaza usiku mmoja chini ya gunia lenye maji, asubuhi akagawa. Hakuna mke aliyeolewa ile ridge akakosa kuanza shamba na machipukizi ya jirani. Nimesafiri maelfu ya kilomita kuja kufundishwa na Mzungu kitu shosho alinifundisha nikiwa na miaka saba, na sikuona aibu, niliona tu nimefika kwetu.

Sasa shida ya Daubenton, au uzuri wake, ni kwamba karibu haitoi maua kabisa. Bila maua hakuna mbegu. Kwa hivyo kila moja unayoiona leo imetoka kwa tawi la nyingine, na hiyo kwa nyingine, mkono kwa mkono, miaka na miaka, na mmea mmoja wenyewe huchoka baada ya kama miaka mitano hivi. Watu wakiacha kupeana, inaisha. Waholanzi wanaiita eeuwig moes, Wajerumani Ewiger Kohl, wote wanamaanisha mboga ya milele, wakati sisi tuliita yetu ya kusukuma wiki tu.

Yule mzee alinipa vijiti kumi na mbili na akaniambia neno moja, yangu ikifa nitakuja kwako. Nikadhani ni maneno ya kuaga. Desemba 2022 ikaja ile baridi kali ya karibu wiki mbili, maji yaliganda kwa ndoo, na kichaka chake kilikuwa pale chini ambapo baridi hutuama, kikaoza chote. Changu kiliegemea ukuta wa matofali, kikapona, na majani baada ya barafu yakawa matamu kuliko yote niliyowahi kula huku. Mwezi wa Machi mzee akaja kwa mwendo wake wa polepole, ameshika gazeti. Nilimvunjia ishirini. Aprili na Mei, ambapo mboga za baridi zimeisha na za kiangazi bado, wote wawili tulikuwa tunakula.

Najua maisha ya yule dada. Viza yake si ya kazi ya ulezi, ile inayosamehewa, kwa hivyo ile ada ya hospitali ya pauni 1,035 wanayotozwa wageni inamhusu, kila mwaka wa viza, na inalipwa yote mbele. Angeniambia ana shida ningechanga. Hata kuuza nyanya zake nisingesema kitu, nyanya kila mtu anaanza na mbegu zake. Na kuna kitu kinanitisha kuliko pesa: vile vikopo amejaza udongo wa shamba lake. Huku kuna ugonjwa wa mizizi ya kabichi na sukuma, inavimba kama vidole vyenye baridi yabisi, mmea unanyauka mchana wa jua na maji yapo, na ukishaingia udongoni unakaa zaidi ya miaka kumi. Ndio maana yule mzee alivunja, hakung'oa. Kijiti kitupu, bila mizizi, bila udongo. Ukiletewa ikiwa kwenye kopo na hujui udongo umetoka wapi, usiipande shambani, vunja tawi la juu upande hilo, na kopo lote utupe kwa takataka.

Nimemwandikia inbox usiku huo huo, sikumwaibisha mbele ya watu. Nimemwambia kuhusu udongo kwanza, halafu nikamwambia vile nilivyoipata. Ameisoma, tiki ni za bluu, hajajibu.

Jumapili kuanzia saa nane mchana niko shambani, anayetaka aje na gazeti na chupa ya maji. Nina Daubenton za kutosha watu kama kumi na tano, Taunton Deane ni chache. Mje pia na neti, njiwa wa huku watazimaliza kabla hazijashika, na Agosti kagueni mayai ya kipepeo mweupe chini ya jani, ni ya manjano, yanapangusika na kidole. Na wewe dada, kama unasoma hapa, bado una nafasi yako, uje. Baridi ikiua yangu mwaka huu ni kwako nitakuja na gazeti.