Stika ilikuwa kiooni, bima haikuwepo

Wiki iliyopita nimelipa awamu ya 14, ya mwisho, ya deni la ajali ya gari iliyochukua sekunde chache tu. Barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi tena iko hapa mezani. Naandika kwa sababu katika miezi yote hiyo karibu kila aliyenishauri alinipotosha, na wengi wao walikuwa na nia njema kabisa.

Gari lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada. Mama alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji wa nyonga, na waliowahi kuuguza mtu wa nyonga wanajua kwamba humpandishi kwenye chombo chochote tu. Shemeji alinipa ufunguo bila kusita. Nilimuuliza jambo moja: "Shemeji, bima ipo?" Akanyoosha kidole kwenye kioo cha mbele. Stika ilikuwepo, na tarehe yake ya kwisha ilikuwa bado miezi 5. Nikaridhika.

Kumbe bima ile alikuwa anailipia kwa awamu. Awamu ya pili ilimshinda, kampuni ikamwandikia kwamba tarehe fulani ikipita bila malipo mkataba utafutwa, na ukafutwa. Stika ikabaki palepale kiooni. Anasema ujumbe ule hakuuona, nami namwamini, maana angeuona asingenikabidhi gari nikambebee mama mkwe wake.

Nilikuwa peke yangu, naelekea hospitali, kwenye foleni. Niligeuza macho kutafuta kibao cha lango, gari dogo lililokuwa mbele likasimama, nikaligonga kwa nyuma. Kosa lilikuwa langu. Sikulikana pale na silikani leo. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilishuka nikamwomba radhi mwenye gari, kisha nikatoa simu nikapiga picha: pande zote za gari lake, pande zote za gari la shemeji, namba, barabara, hata sehemu ambazo hazikuguswa. Sikuwa na mpango wowote. Mikono ilikuwa inatetemeka na nilihitaji kuipa kazi.

Askari wa trafiki alipofika hakuitazama stika. Aliingiza namba ya gari kwenye simu, akasubiri kidogo, akasema, "Gari hili halina bima." Nikamwonyesha kiooni. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, hiyo ni karatasi. Mkataba umefutwa." Gari likakokotwa hadi yadi, na tangu saa ile likaanza kuhesabiwa gharama ya kulala kwa siku. Hapo nataka nikaze: kama umezuiliwa gari, likomboe mapema hata kwa kukopa. Sisi tulibishana nyumbani kuhusu nani alipe, siku 9 zikapita, na ile gharama ya yadi ikakaribia faini yenyewe.

Dada ndiye aliyekodi gari akamleta mama.

Usiku ule ushauri ulimiminika. Wa kwanza ulitoka kwa binamu yangu: "Bima hufuata gari, haifuati dereva. Deni ni la mwenye gari, wewe kaa pembeni." Alikuwa amesoma mahali. Baadaye nilikuja kuelewa maneno hayo yanatoka wapi: katika majimbo mengi ya Marekani kwa kawaida bima hufuata gari, wakati Uingereza swali kubwa ni kama wewe dereva umetajwa au umeruhusiwa kwenye mkataba. Lakini hilo ni swali la nani analindwa na mkataba uliopo. Wetu haukuwepo. Aliyegonga kwa uzembe anawajibika yeye mwenyewe kwa hasara aliyosababisha, hata gari liwe la nani. Na kesi ilipokuja, mimi nilishtakiwa kwa kuendesha gari lisilo na bima, shemeji naye kwa kuruhusu liendeshwe. Sikujua kabisa kwamba sheria inamgusa hata aliyeazimisha. Tulieleza kwamba hatukujua mkataba umefutwa. Hakimu alisikiliza, akatupunguzia adhabu, lakini makosa yakabaki makosa, na leseni yangu ikaandikwa alama.

Ushauri wa pili ndio ulionikaribisha kwenye shimo. Rafiki wa kazini alisema kwa uhakika wote: "Ajali imetokea leo, siyo? Kata bima leo hii jioni. Cheti kitakuwa na tarehe ya leo. Mahakamani nani ataulizia saa?" Naona aibu kusema kwamba nilimpigia shemeji, na kwamba wote wawili tulienda. Wakala alikuwa mama mtu mzima, ofisi imebaki dakika chache ifungwe. Akaanza kujaza fomu. Jina, namba ya gari, matumizi. Kisha akauliza, huku macho yakiwa kwenye kompyuta, "Gari limepata ajali yoyote ambayo haijashughulikiwa?" Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Yule mama akaacha kuandika, akageuza kompyuta tuione: pembeni mwa tarehe palikuwa na saa na dakika. 11:42 jioni. Ajali ilitokea saa 4 asubuhi.

"Wanangu," akasema, "bima inaanza dakika ninayobonyeza hapa. Haiwezi kurudi nyuma kuokota kilichokwisha kuvunjika. Na mkinidanganya hapa, kampuni ina haki ya kuufuta mkataba huu nao, halafu mtaacha kuwa watu waliosahau bima na kuwa watu waliofanya udanganyifu." Hakutufukuza. Alituambia turudi gari likishatoka yadi, tueleze kila kitu, tuone. Tuliondoka kimya, na kusema kweli yule mama alitustahi kuliko tulivyostahili.

Wa tatu: "Barua zikija usizijibu, watachoka." Hawachoki. Mwenye gari niliyemgonga alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lake mwenyewe, hivyo kampuni yake ilimlipa, kisha ikashika nafasi yake na kunidai mimi. Ndivyo kazi hiyo inavyokwenda: mteja wao wanamwachia apumzike, wao wanamfuata mwenye kosa. Barua ya kwanza niliiweka kwenye droo kwa wiki 3 nikisubiri wachoke. Ya pili ilikuja na wakili, na gharama za wakili juu yake. Jumla ilikuwa kama mishahara yangu 5.

Sasa nifike kwenye jambo ninalojivunia. Barua ile ilikuwa na kiasi tu, mstari mmoja. Nikaandika kwa adabu: nakubali nimegonga, nakubali kulipa hasara niliyosababisha, naomba ripoti ya mkadiriaji, picha zake, na ankara za fundi. Hilo tu. Baada ya siku nyingi zikaja karatasi 9. Nikazitandaza sakafuni usiku, nikaweka simu pembeni, nikaanza kulinganisha kitu kwa kitu. Bampa ya nyuma, sawa. Taa ya nyuma ya kushoto, sawa. Mlango wa buti, sawa, niliukunja mwenyewe nikauona. Halafu nikakuta: "Mlango wa mbele kulia, kunyoosha na kupiga rangi." Mlango wa mbele! Mimi nimegonga nyuma! Nikafungua picha yangu ya 7, nikaivuta iwe kubwa. Mkwaruzo upo kweli mlangoni, mrefu, na ndani yake una kutu nyekundu. Kutu haishiki bati ndani ya dakika 10. Nikaendelea. "Saiti mira ya kulia, mpya." Picha ya 8: saiti mira imefungwa kwa gundi ya karatasi nyeusi, kingo zake zimebanduka na kushika vumbi la siku nyingi. Nilisimama nikazunguka chumba. Nikarudi kwenye ankara ya gari la kukodi alilopewa wakati lake liko gereji: siku 19. Ankara ya fundi ilionyesha kazi ya siku 6.

Simlaumu yule bwana, huenda gereji ndiyo iliyoongeza vitu. Sikumtuhumu mtu kwenye barua pia, na hilo naona lilisaidia. Nilichapisha picha zangu zikiwa na saa ya kupigwa, nikazungushia kalamu kutu na ile gundi, nikauliza maswali 3: mlango, saiti mira, siku 13 zilizozidi. Walijibu kwa kuondoa mlango na saiti mira yote, na siku za kukodi wakazipunguza hadi 8. Karibu theluthi ya deni ikaanguka kwa sababu ya picha nilizopiga nikitetemeka.

Kilichobaki nikaomba kulipa kwa awamu. Waliwahi kukubali kwa simu, nikakataa kutuma hata senti mpaka waandike: kiasi, tarehe, na maneno kwamba awamu ya mwisho ikilipwa ni malipo kamili na ya mwisho, pamoja na gharama za wakili. Bila maneno hayo unaweza kumaliza kulipa ukaletewa "baki". Kila risiti niliipiga picha.

Gari la shemeji lenyewe hakuna aliyelilipia ila sisi. Bampa ya mbele, rejeta, boneti. Yeye alisema ni kosa lake kwa bima, mimi nikasema ni langu kwa kugonga, na dada akatukata kauli: nusu kwa nusu, na mazungumzo hayo yasirudiwe mbele ya mama. Hayajarudiwa. Hata kama mkataba usingefutwa, ilikuwa bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu. Ukiazima gari la bima ndogo ukaliharibu, matengenezo yake ni juu yako. Nashangaa jinsi watu wengi wazima hawalijui hili.

Mama anatembea bila mkongojo sasa. Mwezi ujao ana kliniki, na nitamwendesha mimi. Asubuhi hii shemeji amenitumia, bila kuombwa, ukurasa wa kampuni yake mpya ya bima: mwaka mzima umelipwa, jina langu liko kwenye orodha ya madereva. Nimemshukuru, kisha nikawapigia kampuni wenyewe nikawasomea namba ya gari.