Nilivyoacha kusema mimi ni Msabato

Nilipokuja Nairobi kutafuta kazi, kilichonitia matatani mwanzo ni Jumamosi. Siku hiyo sifanyi kazi. Bosi akaniuliza, "Kumbe wewe ni Msabato?" Nikaitikia. Jibu lilikuwa rahisi na halikuzua swali la pili. Nikakaa nalo miaka miwili.

Mimi ni Myahudi, wa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Uganda, kutoka Nabugoye karibu na Mbale. Shuleni nilipolitaja hilo, niliulizwa, "Myahudi gani mweusi?" Iliniuma kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu. Hatukutoka Yerusalemu. Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alisoma Torati, akaiamini, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wazee wetu wakamfuata. Mwaka 2002 marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi, walikuja kutoka ng'ambo, na wengi wetu tukazamishwa majini ili tutambuliwe kuwa Wayahudi. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka baridi ya maji na mkono wa mama tu. Nilipokua nikawa najiuliza: kabla ya siku ile tulikuwa nani?

Jaja, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alinijibu bila kujua nimeuliza. Tulikuwa tunamenya matoke, akaanza kusimulia enzi za Amin, dini yetu ilipopigwa marufuku. Wengi walihamia ukristo na uislamu. Yeye kila Ijumaa jioni aliwasha kibatari ndani ya chungu kikubwa, mwanga usionekane nje, kisha akaomba kwa kunong'ona.

"Hukuogopa, Jaja?"

"Niliogopa sana, mjukuu wangu. Lakini Ijumaa ilikuwa imeshafika."

Wakati huo hakuna rabi aliyekuwa amekuja kumthibitisha. Nilishindwa kumaliza ndizi iliyokuwa mkononi. Mimi, ambaye sijakatazwa na mtu, nilikuwa nawasha mishumaa yangu miwili nyuma ya pazia zito.

Niliporudi kazini nikamweleza bosi ukweli, sauti ikinitetemeka. Akasema Jumamosi yangu iko palepale, akaendelea na kazi.

Ijumaa hiyo nikafunua pazia. Jirani akapita na beseni la nguo, akachungulia dirishani.

"Dada, stima imepotea kwako tu?"

"Hapana. Ni mishumaa ya Sabato. Mimi ni Myahudi."

Akatua beseni chini, akaitazama.

"Na unaizima saa ngapi?"

"Haizimwi," nikamwambia. "Tunaiacha iishe yenyewe."