Siku moja maishani mwangu: kusoma rangi za Ol Doinyo Lengai

Saa 5:00 usiku. Siku yangu ya kazi huanza wenzangu wanapolala. Hapa Engare Sero, karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, jua la mchana halimpi mtu nafasi ya kupanda, kwa hiyo Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai, tunaupanda gizani. Nimekunywa chai ya rangi, nimekula chapati mbili, nimekagua betri za droni moja baada ya nyingine. Mzee anayeniongoza amekwisha fika, rungu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mlima umeamkaje?"

Kila safari huniuliza hivyo, nami humrudishia swali lilelile, maana yeye ndiye aliyezaliwa chini yake.

Saa 6:30 usiku. Gari linatuacha pale njia inapoishia. Mwanzoni mguu unazama kwenye majivu, lakini kadiri tunavyopanda majivu yanakuwa yameganda kama saruji, na kuelekea juu natambaa kwa mikono na miguu. Haya ni majivu ya mlipuko wa 2007 na 2008. Tunapopumzika, mzee anaanza kunisimulia mwaka ule bila mimi kumwomba. Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi kuzunguka mlima jirani wa Gelai. Tetemeko kubwa kuliko yote lilifikia ukubwa wa 5.9 na hata Nairobi walilisikia. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inapasua ardhi chini kwa chini bila kutokeza juu. Kisha tarehe 4 Septemba Lengai wenyewe ukalipuka.

"Majani yote yalikuwa ya kijivu," anasema. "Ng'ombe anainama kula, anakula vumbi. Tukahama."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu mlipuko ule. Hakuna lililoniingia kama huyo ng'ombe aliyeinama. Na bado majivu ya namna hiyohiyo, ya Lengai na ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, yaliyopeperushwa kwa maelfu ya miaka, ndiyo yaliyotandaza udongo wa mbuga za majani mafupi za Serengeti wanakozalia nyumbu.

Saa 12:20 asubuhi. Tuko ukingoni mwa kasoko, shimo la kileleni. Harufu ya kiberiti inakaba koo, na kutoka chini inasikika sauti ya kitu kinachochemka ndani ya chungu kilichofunikwa. Kuta za shimo ni wima, sishuki. Narusha droni.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yangu. Lava ya volkano nyingine hutoka na joto la nyuzi kama 700 hadi 1,200 za Selsiasi, nyekundu, nzito. Ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu ya gari, na inatiririka kwa wepesi uleule. Hakuna volkano nyingine duniani inayotoa lava hii leo. Imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi, na mojawapo ya madini yake huitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Madini hayo hayavumilii maji. Unyevu wa hewa ukiyagusa yanaanza kubadilika, na lava iliyotoka nyeusi inakuwa kijivu, kisha nyeupe. Mvua ikinyesha, kazi hiyo huisha haraka zaidi.

Kwa hiyo rangi ndiyo kalenda yangu. Kwenye kioo cha kidhibiti naona ulimi mweusi unaong'aa umetoka chini ya kichuguu cha lava upande wa mashariki: huo ni wa leo, labda wa usiku huu. Pembeni yake kuna wa kijivu wenye mistari myeupe kwenye nyufa, na chini ya yote sakafu nyeupe kama chokaa. Picha ya kwanza nimeipiga saa 12:41. Mzee anachungulia kioo juu ya bega langu, ananyoosha kidole: "Huu mweusi haukuwepo tulipokuja mara ile." Naandika maneno yake daftarini kama alivyoyasema. Droni inaruka mara mbili. Ya tatu upepo unaikataa, naishusha.

Saa 2:30 asubuhi tunaanza kushuka. Magoti yanajua.

Saa 9:00 alasiri. Kituo cha GPS chini ya mlima. Kipokezi hiki husikiliza setilaiti usiku na mchana ili tujue kama ardhi imesogea hata kwa milimita, kwa sababu mlima unaojaa magma huvimba kabla ya kulipuka. Leo kimya: waya wa paneli ya jua umetafunwa na fisi. Siku nne za vipimo hazipo, na inaniuma, kwa sababu siku nne zilizopotea hazipimiki tena. Nabadilisha waya, naupitisha ndani ya bomba la chuma, nafuta vumbi kwenye paneli. Taa ya kijani inawaka.

Njiani kurudi najaza chupa tatu za maji kwa ajili ya kupima floridi. Miamba ya volkano huiachia majini, nayo ikizidi huharibu meno; huku kaskazini utaona watoto wenye meno ya kahawia. Kwangu chupa hizi si kazi ndogo kuliko kilele.

Saa 2:00 usiku. Naziweka picha za leo juu ya za safari iliyopita. Ulimi niliouona mweusi mara ile, leo sikuutambua kwa rangi hata kidogo. Nimeupata kwa umbo lake tu, mweupe, kingo zimebomoka.

Mzee ananiita nje. Wingu limefunika kilele chote, na radi inapiga ndani yake.

"Huko juu inanyesha," anasema.

Narudi ndani kunakili picha za saa 12:41 kwenye diski ya pili.