Siku moja maishani mwangu: gozi ya ishirini

Saa 12:40 asubuhi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, hospitali ya mkoa. Wenzetu wa usiku wamezalisha kwa upasuaji akina mama wanne, na macho yao ni mekundu. Tunakabidhiana vifaa kwa kuvihesabu pamoja, kimoja kimoja.

Saa 2:00. Mama mwenye uvimbe kwenye kizazi. Kabla ya nusu kaputi anataja mwenyewe jina lake na anachokuja kufanyiwa. Kabla ya kisu, kila aliyemo anajitambulisha, hata mwanafunzi. Utaratibu huu umo kwenye orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19. Najivunia kwamba Ifakara yetu, hapa Tanzania, ilikuwa kati ya miji minane duniani ambayo hospitali zake ziliijaribu. Kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwangu mimi, kutaja majina ndiko kunakobeba mengi: mtu aliyekwisha kufungua kinywa mara moja haoni tabu kukifungua tena.

Saa 4:15. Daktari anajiandaa kufunga tumbo. Muuguzi mgeni, wiki yake ya tatu, anahesabu gozi, vitambaa vya kufyonzea damu. Anarudia.

“Samahani, dokta. Ziko 19. Tulianza na 20.”

Moyo wangu ukaruka. Miaka ya nyuma, hospitali nyingine, nilisema maneno hayohayo. Gozi ikaonekana sakafuni, nikafokewa mbele ya wote kwamba napoteza muda. Tangu hapo nilinyamaza mara nyingi, hata nilipokuwa na uhakika. Bado linaniuma.

Daktari akaweka sindano chini. “Hatufungi. Tutafute.” Tukapekua tumbo, ndoo, mashuka. Dakika kumi na moja. Ilikuwa imekwama kwenye mkunjo wa shuka. Binti akainamisha kichwa.

“Asante, sista,” daktari akamwambia. “Ukiona tena, sema tena.”

Saa 7:30 mchana. Wali maharage, haraka. Wagonjwa wawili wa ngiri wanasubiri kupasuliwa.

Saa 9:20. Tunasimama dakika tano kuizungumza siku. Daktari anaanza na kosa lake: alichelewa kuagiza damu. Halafu anamgeukia kaka wa usafi: “Na wewe, umeona nini?”

Kaka anasita. “Breki ya machela ya pili haishiki, dokta. Tangu Jumatatu.”

Daktari anachuchumaa kuitazama.