Kunguru wa Tabata

Mwezi wa tatu bila mshahara, kunguru alitua uani kwetu Tabata akaondoka na andazi kutoka kwenye beseni la mke wangu. Andazi la shilingi mia mbili. Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Walipunguza watu, nami nikapunguzwa. Lakini kila Jumapili nilivaa suti nikaenda kuhesabu sadaka, na aliyeniuliza hali nilimjibu, "Bwana ni mwema." Unga ndani hauzidi robo. Nilidhani huko ndiko kumtumaini Mungu, kumbe nilikuwa nalinda cheo cha mzee wa kanisa.

Jioni ile nikafungua 1 Wafalme 17, Eliya penye kijito cha Kerithi, analetewa mkate na nyama na kunguru asubuhi na jioni. Kwa mtu wa Dar habari hii inachekesha: kunguru wetu haleti, anachukua. Tena Walawi 11 inamtaja kati ya ndege walio machukizo. Mungu alikosa njiwa?

Siku chache baadaye pikipiki ikasimama getini. Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu. Mwaka juzi baraza la wazee lilimtenga kwa kumpa binti wa watu mimba, na barua niliisoma mimi, kwa sauti ya kutosha. Hajarudi kundini mpaka leo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimeona mama hajatoa meza siku ya tatu leo."

Sembe kilo tano, mafuta lita moja, dagaa wamefungwa kwenye gazeti. Ulimi wangu ulishaandaa uongo: tunavyo, mwanangu, wapelekee wenye shida. Binti yangu mdogo akaniwahi, akaupokea mfuko na kukimbilia ndani akipiga kelele, "Mama, dagaa!"

Nikamkaribisha. Ugali ulipoiva nikamwomba atuombee chakula. Akaniangalia kama nimemtega. Kisha akaweka helmeti chini, akasali maneno machache, akanyamaza bila kumalizia. Amina nikaisema mimi.

Kazi bado sijapata. Siku hizi maandazi nakaanga mwenyewe kuanzia saa kumi na moja alfajiri, mke wangu anauza, na binti analinda beseni kwa fimbo.