Mwembe wa uani: anza kuukagua mizizini

Mwembe unaweza kuzaa vizuri msimu huu na ukalala juu ya paa msimu huohuo. Majani mabichi yanaonyesha kwamba maji bado yanapanda, basi. Maji hupita kwenye mbao changa zilizo karibu na gome, kwa hiyo kiini kinaweza kuoza miaka mingi huku juu kukiwa kijani. Mizizi minene inayoushikilia mti nayo huoza chini huku ile myembamba ikiendelea kunywa. Wengi wakiambiwa wakague mti huinua macho. Inama kwanza.

Kwa sisi wa Pwani, wakati mzuri ni Januari na Februari, kabla ya masika. Chukua nyundo ya mpira au ya mbao, futi ya utepe, bisibisi ndefu, spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, kijembe na tochi. Rudi tena baada ya mvua kubwa za mwanzo, maana udongo ukilowa hulegeza mshiko na upepo hupata nafasi.

Tazama shina linapoingia ardhini. Mti wenye afya hutanuka pale chini kama mguu wa tembo, kisha mizizi minene inatawanyika. Ukiona shina limezama wima kama nguzo ya umeme, kuna udongo, kifusi au peva zilizowekwa juu ya shingo ya mizizi. Fukua taratibu mpaka ukute mzizi mkuu wa kwanza. Sentimita 5 si neno. 20 au 30 ni tatizo, kwa sababu gome la shina halikuumbwa kukaa kwenye unyevu. Hulainika, likavunda, na ukungu ukapata mlango. Ondoa udongo huo wote na uache shingo wazi. (Mnazi na jamii yake usiupime kwa kanuni hii; wenyewe hautanuki hivyo.)

Palepale chini tafuta uyoga mgumu, ulioganda kwenye shina au mizizi kama nusu sahani: juu kahawia, ukingo na tumbo vyeupe. Huo ni Ganoderma, na ukiuona ujue kuoza kumeanza zamani. Kuubandua hakuponyi chochote, unajifutia ushahidi tu. Mchwa nao mara nyingi hufuata mbao iliyokwisha kufa, kwa hiyo njia yao ya udongo inakuonyesha mahali pa kuchunguza. Ikwangue, kisha sukuma bisibisi. Ikigoma baada ya milimita chache, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye keki, umepata jibu.

Kuinama kwenyewe si ugonjwa. Mti ulioinama tangu mdogo hujipinda na kilele chake hurudi kutazama juu. Wa kuogopa ni ule ulionyooka lakini umelala wote kwa pamoja, huku upande wa nyuma ya mlalo udongo umepasuka au umeinuka kama kichuguu kidogo. Hapo mizizi imeanza kung'oka. Ondoa watu, gari na mifugo siku hiyohiyo, mengine yafuate.

Baada ya hapo gonga shina kwa nyundo, ukilizunguka kila sentimita 20, toka chini hadi mkono unapofika. Mbao nzima hujibu kwa sauti fupi kavu. Penye uwazi pananguruma kama ngoma. Kama kuna tundu, ingiza spoku upime, ujue ukuta wa mbao nzima uliobaki una unene gani. Mfano: mwembe una mzingo wa sentimita 188 kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14, unapata kipenyo cha 60, nusu yake ni 30. Kanuni ya mkono ya wakaguzi ni kwamba ukuta wa mbao nzima ubaki angalau theluthi ya nusu kipenyo, yaani sentimita 10. Hesabu hiyo ni ya shina lililofungika pande zote. Kama tundu limeliacha wazi upande mmoja, linahitaji ukuta mnene zaidi, na hapo mwite mtaalamu. Tundu usilijaze saruji. Haishiki kama mbao, na huficha kinachoendelea ndani.

Kipenyo hichohicho kitumie kabla ya kuchimba msingi wa ukuta. Zidisha mara 12: mita 7.2 kutoka shinani, kila upande, ndiyo eneo la mizizi linalostahili kuachwa. Viwanja vyetu vya mjini mara nyingi havina nafasi hiyo, lakini usikate mizizi minene ndani ya mara 3 ya kipenyo, yaani mita 1.8 kutoka shinani. Ukikata upande mmoja kwa mtaro, usishangae mti ukiangukia upande wa pili.

Sasa inua macho. Panda, yaani pale shina linapogawanyika, yenye umbo la U ni imara. Ya V, ambapo magome ya mashina mawili yamebanana katikati, haijaungana kwa mbao, mashina yamesogeleana tu. Kila mwaka mashina yanenepa na kusukumana. Utaona midomo miwili imevimba kwenye kiungo, pengine ufa mwembamba unaovuja utomvu mweusi. Mti ukiwa mdogo, ondoa shina moja. Ukiwa mkubwa, punguzwe uzito wa shina lililo refu zaidi, kwa awamu, bila kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja.

Tawi moja kavu ndani ya kivuli ni kawaida. Ncha kukauka kuzunguka kilele chote ni habari ya mizizi, rudi chini.

Naomba sana, msiukate mti kichwa. Machipukizi yanayofuata huota kwa wingi, yakiwa yameshikwa na tabaka la juu tu, na miaka michache baadaye ndiyo yanayodondoka. Tawi likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 toka shinani, hadi theluthi ya unene; wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke bila kuchana gome; wa tatu uondoe kisiki, nje ya uvimbe wa pete pale tawi linapotokea. Usipake rangi wala oili. Tawi lililogusa waya wa umeme halikatwi na fundi wa mtaani, ni kazi ya shirika la umeme.

Mnazi una kanuni yake. Makuti yaliyokatika kwa umbo la V ni kazi ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, na mti mkubwa mara nyingi huvumilia. Nazi changa zikidondoka mfululizo, makuti ya chini yakianza unjano unaopanda juu, sehemu ya kukulia inaoza, nayo ni moja tu kwa mnazi mzima. Kilele kikianguka hakuna kitakachochipua: uangushe ukiwa bado mgumu, kabla gogo halijaoza kiasi cha kutopandika.