Pampu ya umeme ilinificha ukweli

Nilijifunza urubani kwenye ndege ndogo ya Cessna 172 ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Mabawa yako juu, mafuta yanateremka yenyewe hadi kwenye injini kama maji ya tangi la juu ya paa. Nilizunguka Lang'ata na Ngong miezi mingi bila kuwaza habari ya pampu.

Kisha nikahamia Piper Warrior, ndege ambayo mabawa yake yako chini. Mwalimu alinisimamisha kando ya bawa, akaniuliza, "Tangi liko chini ya injini. Nani atayapandisha hayo mafuta?"

Ni pampu mbili. Moja inaendeshwa na injini, nyingine ya umeme, ya akiba. Hiyo ya umeme tunaiwasha wakati wa kuruka, kutua na kubadilisha tangi, maana Warrior inanyonya la kushoto au la kulia, si yote mawili kwa pamoja.

Mimi nikaona kama akiba ni nzuri, basi iwake tangu kuwasha injini hadi nimeshapaa. Nikaacha kuizima baada ya kuwasha injini. Asubuhi moja niliruka Uwanja wa Ndege wa Wilson peke yangu, njia ya kurukia namba 14, Mbuga ya Nairobi ikiwa chini yangu. Nilipofika futi 1,000 juu ya ardhi nikazima pampu, nikatazama geji ya shinikizo la mafuta. Mshale ukaanguka hadi sifuri.

Injini ilikuwa bado inanguruma, kwa sababu bakuli la kabureta lilikuwa na mafuta kidogo. Nikairudisha swichi, mshale ukapanda. Nikaomba mnara ruhusa ya kurudi, nikatua mikono ikitetemeka.

Fundi alikuta kiwambo cha pampu ya injini, ule utando unaosukuma mafuta, kimepasuka. Sijui kilipasuka lini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kama ningeizima ile ya umeme nikiwa bado kwenye maegesho, geji ingeniambia palepale.

Nawaomba wenzangu msichukue utaratibu wa Warrior mkaupeleka kwenye kila ndege. Zipo injini za kampuni ya Continental za sindano, yaani zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, ambazo, pampu ya umeme ikiwekwa kiwango cha juu wakati ile ya injini ni nzima, hulemewa na mafuta hadi zikazimika. Someni kitabu cha ndege mnayoirusha.

Siku hizi nikishawasha injini nazima pampu ya umeme, nangoja, nausoma mshale. Hata kama nyuma yangu kuna ndege ya Caravan ya kwenda Maasai Mara inayotaka kupita, itangoja.